Kutafuta kwa Jina Tu

Sekela alikuwa amekumbatia kompyuta ya mezani, akipenya kati ya mafungu ya mananasi sokoni Mabibo, gauni lake la njano limejaa vumbi, mwanamume mwenye mkungu wa ndizi aliposimama mbele yake.

"Samahani sista, hiyo unauza kwa kilo au kwa fungu?"

"Nauza kwa wenye akili."

"Basi nipunguzie kidogo."

Sekela akacheka, na hapo akawa amejiponza, maana Apolinari, yule wa mkungu wa ndizi, hakuwa mtu wa kuchekewa halafu akaenda zake. Aliipokea kompyuta akaifikisha hadi kwenye kibanda karibu na hosteli, ambako Sekela alitengeneza kompyuta za wanafunzi. Apolinari alikuwa mwalimu wa sekondari huko Bunju, akiishi Mabibo kwa shangazi yake bila kulipa kodi, na hilo alilisema bila haya.

Miezi saba ikaenda kwa simu za asubuhi na chipsi za jioni. Sekela alimfundisha hata Linux, mfumo wa kompyuta ambao programu zake unazitafuta kwa kuandika amri.

"Orodha ikikujaa, weka chaguo la majina tu," alimwambia. "Itakuletea zenye jina hilo, basi."

"Mie jina ninalo moja tu, mpenzi."

"Andika amri, acha maneno."

Jumamosi moja Apolinari alikwenda kunawa mikono, akamwachia simu. Sekela hakuwa mpekuzi, ila siku hiyo alipekua. Akaandika jina lake kwenye orodha ya namba. Hakuna. Akaandika Seke. Hakuna. Akaipitia orodha yote: Loveness asiyemjua alikuwemo, fundi bomba alikuwemo, hata mwenye nyumba alikuwemo. Yeye, wa miezi saba, hakuwemo. Iliuma, tena iliuma sana.

"Nimeshajua nafasi yangu," Sekela alimwambia Apolinari aliporudi. Akachukua mkoba, akaondoka, na njiani akaizuia namba ya Apolinari.

Siku ya tisa akapigiwa na namba ngeni.

"Seke, usikate," ilikuwa sauti ya Apolinari. "Hii simu ya Mwalimu Adelina. Ni mgeni hapa shuleni, haoni, na Jumatatu anaanza kufundisha. Anahitaji programu ya kusoma skrini kwa sauti. Nimetafuta, naambiwa hakuna."

"Ipo."

"Haipo. Nimeandika kama ulivyonifundisha."

Kazi yake Sekela hakuiruhusu mtu aiseme vibaya, hata aliyemkosea. Kesho yake, kwa sketi ya jinzi na midomo iliyopakwa rangi makusudi, alikuwa Bunju.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Adelina, amekaa mbele ya kompyuta.

Sekela akaitazama amri ya Apolinari, akafuta lile chaguo la majina tu. Orodha ikafunguka, na programu ikawa ya tatu kutoka juu.

"Inaitwa Orca," alisema. "Jina lake halitaji kusoma wala skrini. Kazi yake imeandikwa kwenye maelezo, na wewe uliweka majina tu. Ukiweka hivyo, haikwambii ipo mahali pengine. Inanyamaza."

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua. Sikukwambia yote."

Apolinari akavuta kiti. "Sasa niambie na mie kosa langu."

"Nilijitafuta kwenye simu yako. Simo."

"Ulitafuta kwa nini?"

"Kwa jina langu, kwa nini tena?"

Apolinari aliweka simu yake mezani. "Nipigie."

Sekela akapiga. Skrini ikawaka: Mwenye Nyumba.

"Nyumba gani? Wewe si unakaa kwa shangazi?"

"Kiwanja kipo hapa nyuma, dakika kumi kwa mguu. Niliandika hivyo siku mafundi na mie tulipomwaga zege la msingi. Tofali ninazo. Ukuta sijaanza, namngoja mwenye nyumba aseme jiko likae wapi." Sauti yake haikutetereka. "Sekela, nataka kukuoa."

"Na mimi nimesikia," alisema Mwalimu Adelina taratibu. "Mkihitaji shahidi."

Sekela aliiangalia ile simu iliyokuwa bado inaita. Aliona aibu, akaona na furaha, na furaha ikawa kubwa zaidi. Akaandika amri ya kusakinisha Orca, maana Jumatatu ilikuwa karibu, akangoja mpaka kompyuta ilipomsomea Mwalimu Adelina mstari wa kwanza. Kisha akasimama, akakung'uta sketi.

"Jiko litazame barabarani," alisema. "Nataka nikuone unavyorudi."