Dada Si Daktari

Kila asubuhi Chiriku alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akaondoka kwenda shule, mdomo ukitangulia. Jina hilo la utani hakulipata bure. Aliweza kuongea tangu mlangoni kwao hadi darasani bila kumeza mate.

Siku hiyo alikuwa akimsifu dada yake, aliyekuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma, na angekuja nyumbani Jumamosi.

"Anasomea nini?" aliuliza Kibonge, rafiki aliyeketi naye dawati moja.

Kwa kweli, dada alisomea shahada ya fani mseto: maji, afya na maisha ya jamii, vyote pamoja. Lakini Chiriku alikwisha kumsikia mjomba akicheka, "Huyo anasoma kila kitu, mwishowe atakuwa nani?" Akaona haya.

"Udaktari," alijibu, wala hakupepesa macho.

"Afadhali! Akija Jumamosi atanitazama sikio. Linaniuma, na nikimwambia mama atajua nilikwenda kuogelea bwawani."

Chiriku akafungua daftari upesi, akajifanya anasoma.

Jumamosi dada alipofika tu, Kibonge alikuwa mlangoni, usaha ukimtoka sikioni, machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, daktari. Nimekungoja wiki nzima."

"Marahaba. Daktari nani?" Dada akageuka kumtazama mdogo wake.

Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Uongo wa pili ulikuwa tayari ulimini. Lakini alipoliona lile sikio, roho ilimuuma.

"Nilidanganya," alisema. "Nisamehe, Kibonge. Dada si daktari."

"Basi twende zahanati sasa hivi," dada alisema. "Mama yako tutampitia njiani."

"Mama ataniua!"

"Hathubutu. Atakugombeza, kisha utapona."

Mama alimgombeza kweli, njia nzima. Huko zahanati, muuguzi alilisafisha sikio, akatoa dawa. "Mngechelewa zaidi, lingeweza kuziba kabisa," alisema. "Watoto wengi wanakuja na masikio kama haya. Nikiwauliza walikuwa wapi, wote mabubu!"

Dada akachutama mbele ya Kibonge. Hakumkaripia. Alimuuliza nani bingwa wa kupiga mbizi. Kibonge akajisahau, akaeleza yote, hata mtaro wa soko unaomwaga maji machafu bwawani.

Siku iliyofuata dada aliufuata mtaro huo mguu kwa mguu, akamwonyesha mwenyekiti wa soko mahali ulipobomoka. Jumatatu asubuhi mafundi walikuwa wakiujenga upya, uelekee kwenye shimo la majitaka. Mjomba naye alipita, akatazama, akajikuna kichwa.

"Kumbe ndiyo kazi yake hii!" alisema.

Nyumbani, mama yake Chiriku alimfunga mwanawe vifungo vya sare, akamshika mabega. "Mwanangu, dada yako alikuwa na sifa zake za kweli, ukamvika za uongo. Nusura rafiki yako alipe kwa sikio lake. Sema kitu kama kilivyo, hata watu wakicheka."

"Ndiyo, mama."

Darasani hakungoja kuulizwa. Alisimama wima.

"Dada yangu si daktari. Anasomea maji, afya na watu, na mimi najivunia. Tulieni niwaeleze, maana ni habari ndefu."

"Paza sauti, Chiriku," alisema Kibonge, pamba sikioni. "Leo nasikia kwa upande mmoja tu."