Chetezo cha Bi Zuleikha

Harufu ya ubani ilimfikia Mwanamwema katika ukumbi wa picha wa jumba la makumbusho, mahali ambapo hata chupa ya maji huruhusiwi kuingia nayo. Mdogo wake, Shee, alikuwa mbele yake.

"Shee, husikii ubani?"

"Ubani wa wapi, dada? Twende zetu." Hakugeuka.

Baridi ya Ohio ndiyo iliyowazoesha makumbusho. Jumapili kiingilio bure, ndani kuna joto, na baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi Kenya hata treni mbovu za kale zilikuwa za kutazamwa. Ila jumba hili Shee alikuwa hataki kabisa kuja, na hakusema kwa nini.

Mwanamwema alifuata harufu mpaka chumba cha vitu vya Afrika. Ndani ya kabati la kioo palikuwa na chetezo cha udongo, ukingoni kina mistari mitatu ya kucha. Mistari ile aliichora mwenyewe utotoni, kisiwani kwao Chula, udongo ukiwa mbichi. Mama yao, Bi Zuleikha, alimzaba kofi, maana chetezo kile kilikuwa cha jini wa nyumba, aliyefukiziwa kila Alhamisi ili awalinde.

Wanamgambo walipovamia Chula, Mwanamwema alikwisha kukimbilia Mombasa. Shee alimfuata baadaye, akaapa kuwa mama ameuawa, kamzika kwa mikono yake, na nyumba imeteketea na kila kilichokuwamo.

Mlinzi wa ukumbi akaja. "Wewe tena?" alimwambia Shee. "Leo usikipige kioo."

Mwanamwema alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa hayo. "Ulikwisha kuja hapa?"

"Mimi ndiye niliyekiuza, dada," Shee alinong'ona. "Mombasa, kwa mzungu mmoja. Kilikuwa kikinisemesha."

"Na mama?"

Hapo kioo kikaanza kugongwa kwa ndani, polepole, kama kiganja cha mtu mgonjwa juu ya ubao, kikaingia ukungu wa pumzi wakati chumba kizima kimejaa ubani wa kukaba koo, na mdomo wa Shee ukafunguka bila yeye kutaka, ikatoka sauti ya Bi Zuleikha, ileile, kwa Kibajuni chake:

"Mchu hufungiwa mlango ni mwanawe?"

Mtu kufungiwa mlango na mwanawe: maneno hayo yakimrudia masikioni, Mwanamwema alisoma Ayatul Kursi mpaka kioo kikanyamaza. Shee alikuwa amepiga magoti.

"Hakuweza kutembea. Nikamfungia wasimwone. Nikachukua chetezo ili jini anilinde mimi."

"Alikuwa hai?"

"Aligonga mpaka nilipofika pwani."

Mwanamwema hakumpiga wala hakumtukana. Alimshika mkono, akamtoa nje, wakaketi kwenye ngazi zenye theluji. Akampigia Sharifu Idarus wa Mombasa, mtaalamu wa kupunga majini, akamweleza yote. Sharifu akaomba kusema na Shee. Shee akaiweka simu sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, akairudisha bila kutamka neno.

"Mwanamwema," sauti ya Sharifu ilikuwa chini sana, "simu umempa nani?"

"Shee. Lakini hakusema kitu."

"Aliyenijibu ni mwanamke. Anasema yuko Chula, mlango bado umefungwa."