Usinishike Kichwa

Walikutana kwenye kibanda cha kutengeneza simu, wateja wamebanana mpaka kaunta inalia. Mshonaji, msichana mwembamba mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, alipenyeza mkono akaweka simu yake mezani. Fundi akatazama kioo kilichopasuka.

"Umepigilia nayo misumari?"

"Nilimrushia mwanamume muongo."

Fundi akacheka, akajitahidi tangu siku hiyo asiwe muongo.

Miezi ikapita kwa simu za kila jioni, mpenzi huku, malkia kule. Hatimaye fundi akasema mama yake anataka kumwona mchumba Jumapili. Mama huyo alikuwa na jicho kali. Kwake, kichwa kisichotunzwa kilikuwa dalili ya nyumba isiyofagiwa.

Nywele za mshonaji zilikuwa na dawa ya kunyoosha, lakini chini zilikuwa zimeota mpya, ngumu, zimejisokota. Msusi wake akamwonya: wiki hii usizioshe, usizichane kwa nguvu, na usijikune hata ukiwashwa vipi. Jumamosi angezigawa mafungu manne, apake mafuta mazito kwenye ngozi na kwenye nywele za zamani, ndipo dawa iguse zile mpya tu. Ngozi yenye mchubuko ingeungua.

Kwa hiyo fundi aliponyoosha mkono kumpapasa kichwa kama alivyozoea, mshonaji alikwepa. Mara ya pili akausukuma mkono. Hakueleza, aliona haya kukiri kwamba anamwogopa mama mkwe ambaye hajamwona. Kesho yake fundi akapiga simu.

"Kuna mwingine anayeshika hicho kichwa?"

Mshonaji alikata simu. Kwa hasira akafungua bomba, akaziosha nywele, akajikuna mpaka ngozi ikawaka moto. Jumamosi msusi alizitenganisha kidogo tu, akaona michubuko, akafunika kopo la dawa. Akamshauri afunge kilemba, au aseme anaumwa.

Jumapili mshonaji alivaa gauni la kijani alilojishonea, akaenda kichwa wazi, mashina yamesimama, ncha zimelala. Fundi alifungua mlango akaduwaa. Hakutegemea kumwona tena. Mama alikuwa kwenye kochi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndizo nywele za kuja nazo ukweni hizo?"

"Ndizo, mama. Nilizilinda wiki nzima ili nikupendeze wewe. Mwanao akadhani namlindia mwanamume mwingine."

Mama akamgeukia mwanawe. Fundi akaanza kuomba msamaha kwa sauti ya chini, mpenzi hivi, malkia vile, akiahidi kumpeleka mwenyewe kwa msusi ngozi ikipona.

"Nitaenda nikitaka mimi," mshonaji alisema. "Unanitaka na hizi, au hunitaki? Sema hapa, mama asikie."

Fundi akapaza sauti. "Nataka kukuoa. Na hizo hizo."

Mama aliguna. Akavua mtandio wake, akamnyooshea msichana ajifunike.

"Asante, mama. Sisikii baridi."

Mkono wa mama ukabaki hewani na mtandio wake. Kisha akajitupia mtandio begani, akasogea kwenye kochi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.