Chupa Aliyoleta Mfaume

Vipande vitatu vya mninga vilikuwa vimepangwa juu ya meza, kila kimoja kimepakwa mafuta yake, na asubuhi ile cha tatu kilikuwa kikavu kabisa, kama kimelambwa.

Marijani, fundi seremala wa Vingunguti, alikigeuzageuza. Hivyo vilikuwa vya majaribio tu. Kazi yenyewe ilikuwa kitako cha bunduki ya mzee Taqi, bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na baba yake, ambayo kitako chake cha zamani kililiwa na mchwa. Mzee alikuwa na sharti moja: "Fundi, mie sitaki king'ae kama sofa. Nataka nikikishika mkono utulie." Basi vanishi ikatupwa nje, yakabaki mafuta. Ya kitani ni mazuri lakini hukawia kukauka mpaka mteja anune. Ya nazi hunuka baada ya muda. Ya tatu yalikuwa kwenye chupa isiyo na nembo, aliyoleta Mfaume.

Mfaume na Marijani walianza useremala hawana hata msumari wao wenyewe. Walikuwa wamezikiana wazazi. "Ufuta huo, nimechemsha mwenyewe," Mfaume alisema siku anamkabidhi chupa. "Usitumie kitambaa, braza. Sugua kwa kiganja kitupu, ndo yanaingia." Marijani aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua Mwanaasha, binti wa Mfaume, ambaye mwaka wa pili sasa alikuwa hajatamka neno na hospitali hazikuona kitu. Mfaume hakuitikia amina. Marijani hakulitilia maanani.

Akayachagua yaliyokauka haraka. Fundi gani asingeyachagua?

Alikipaka kitako mkono wa kwanza wa mafuta jua likiwa la utosi. Harufu ya machinjio, ambayo Vingunguti hakuna anayeisikia tena, ilikatika ghafla, ikaja ya udi na marashi. Mkono wa pili alisikia mtu akimeza mate. Akageuka, hapakuwa na mtu, akaendelea, maana rangi ya mninga ilikuwa imeamka vizuri ajabu. Mkono wa tatu kile kitu kikameza tena, taratibu, karibu kabisa na sikio lake, na pumzi yenye udi ikampita shingoni ikateremka mgongoni, akataka kuondoa mikono lakini mikono ikawa inasugua yenyewe, inasugua tu, mti ukizidi kupata joto kama ngozi ya mtu mwenye homa, mpaka kutoka ndani ya ule mti sauti ndogo yenye mkwaruzo, sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe, ikasema, "Baba."

Alikimbia hadi nyumbani. Lulu, binti yake wa miaka saba, mwenye sauti ya mkwaruzo tangu augue surua, alikuwa amekaa mlangoni akifungua na kufunga mdomo. Hakikutoka kitu.

Jioni ile, bibi mmoja mganga wa Mtoni alikinusa kiganja cha Marijani, akakiachia upesi.

"Nani kakupa haya mafuta?"

"Rafiki yangu, bibi. Ndugu yangu kabisa."

"Ana mgonjwa?"

Marijani akamkumbuka Mwanaasha, na ile amina isiyoitikiwa.

"Jini kahamia kwako," bibi alinong'ona. "Nyumba inayompokea, anakula sauti ya mtoto, na sauti anayoichukua huku ndiyo anayoirudisha kule alikotoka. Kitako kichome moto. Lakini chupa haichomeki, mwanangu. Hahami mpaka mtu mwingine aipokee, kwa mkono mtupu na moyo mkunjufu, kama ulivyoipokea weye. Kwako alingoja usugue; nyumba anayoijua hangoji."

Kitako alikichoma usiku uleule. Kesho yake mchana, chupa mkononi, njia nzima hadi Temeke kwa Mfaume, Marijani alimtetea rafiki yake moyoni. Labda naye alidanganywa. Labda hakujua kilichomo. Alitaka sana iwe hivyo. Alikuwa tayari kumsamehe kabla hajafika.

Mlango ulifunguliwa na Mwanaasha.

"Shikamoo, baba Lulu," alisema, kwa sauti ya Lulu, na mkwaruzo wake uleule.

Mtoto, kwa adabu aliyofundishwa ya kumpokea mgeni mzigo wake, alitabasamu, akanyoosha mikono yote miwili kwenye chupa. "Lete nikupokee."

"Usipokee!" Mfaume alipiga kelele kutoka ndani. "Mwanaasha, usiiguse hiyo chupa!"

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ile, akamwangalia mwenzake machoni, akamfundisha na namna ya kusugua. Uchungu ulimjaa Marijani kifuani. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeshagusa chupa, lakini bado yeye ndiye aliyeishika, bado angeweza kuirudisha nyuma. Akamtazama yule mtoto asiye na kosa lolote.

Akaachia.

Mwanaasha aligeuka kumuuliza baba yake kuna nini. Mdomo ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena. Mfaume alikuwa ameshafika mlangoni, akaanguka magoti mbele ya mwanawe.

Simu ikaita mfukoni. Marijani aliipokea.

"Baba!" sauti ya mkwaruzo ilisema. "Baba, naongea! Baba, unanisikia?"

Marijani alikuwa akimtazama Mwanaasha, na hakuweza kujibu.