Kifusi cha Fundi Betri

Fundi betri hakuwa mtu wa kutupa kitu. Betri ya gari ikifa, aliivunja uani kwake, akamwaga tindikali mtaroni, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani ili ayauze. Majivu na vipande vilivyobaki aliwajazia majirani kwenye matope ya uchochoro. Walimshukuru sana, na sifa hizo zilimpanda kichwani, acha tu! Mshonaji wa mlango wa pili alijaziwa hata sakafu ya chumba, tena bure.

Kilichomtesa ni binti yake. Mtoto aliyekuwa na maneno kama kasuku sasa alikaa kimya ukutani. Tumbo lilimsokota, chakula alikikataa, na hata maneno aliyokwisha kuyajua yalimpotea. Bibi yake alisema ni minyoo. Wakampa dawa ya minyoo, haikusaidia kitu.

Mama mtu akambeba hadi zahanati. Muuguzi aliposikia kazi ya baba, akaagiza damu ikapimwe hospitali kubwa. Majibu yalipotoka, alikuja nyumbani mwenyewe.

"Kaka, mtoto ana sumu ya risasi," alisema. "Inatoka hapa uani."

Fundi akabisha. Yeye ameshika risasi tangu ujana, mbona mzima? Muuguzi akamweleza taratibu kwamba hata yeye anaumia, ila polepole, naye apimwe. Vumbi la risasi huingia kwa pumzi, kwa nguo za kazi, na kwa vidole vya mtoto anayecheza chini kisha akavitia mdomoni. Mtoto huumia upesi, tena ubongoni.

"Atapona?"

"Kwanza aondolewe penye sumu. Mengine daktari ataona. Lakini kilichokwisha kuharibika, sikudanganyi, huenda kisirudi."

Fundi alikaa chini. Kisha akakumbuka uchochoro. Kumbe wema wake wote ulikuwa sumu! Akinyamaza, nani atajua? Akisema, nani atamletea kazi tena? Aliona aibu, na aliogopa.

Mkewe alimwona akisita, akamwambia: "Kile kifusi ulikigawa kwa mkono wako. Nenda ukaseme kwa mdomo wako."

Akaenda kwa mshonaji. Mtoto mchanga wa mshonaji alikuwa anatambaa sakafuni.

"Dada, kile kifusi nilichokupa kina sumu. Mwinue mtoto."

Mshonaji alimwinua mtoto, akafunga mlango. Wengine walimtukana. Aliyameza yote akaendelea na mlango unaofuata.

Muuguzi aliwaita mabwana afya, wakaja na barakoa na glavu. Walinyunyiza maji vumbi lisiruke, wakachimba udongo ule na kuupeleka mbali, kisha pakamwagwa zege. Siku hizi fundi havunji betri. Huzikusanya zikiwa nzima na kuzipeleka kwenye kiwanda chenye kibali cha kuziyeyusha. Nguo za kazi huziacha karakana, naye huoga kabla ya kuingia nyumbani. Faida imepungua, na wateja wengine wamehama.

Watoto wa uchochoro wote walipimwa. Wa mshonaji alikutwa na sumu kidogo tu, na daktari akasema atakua vizuri. Binti wa fundi sasa anakula, tumbo limetulia, na sumu inashuka. Maneno yake bado ni machache, na wenzake wameshamwacha nyuma darasani.

Siku ya majibu ya watoto wa uchochoro, fundi na mkewe walirudi nyumbani wakiwa wamemshika mtoto mikono miwili.

"Wa jirani tumemuwahi," mkewe alisema. "Wetu tumemchelewea."