Wakaguzi Walioshiba Mkate

Bi Khadija wa Makorora huoka mkate wa kumimina. Mkate wake ni mwepesi. Ukiuacha wazi, upepo unaupeleka Pangani.

Binti yake, Saleha, alimtengenezea programu ya simu ya kupokea oda. Kikundi kizima cha waokaji kikaitumia. Siku moja oda ya harusi ikafutika. Wageni wakala pilau, mkate hawakuuona.

"Ikituaibisha tena, tunaiacha," waokaji wakasema.

Saleha akaita wataalamu watatu waikague. Mama akawakaribisha kahawa na mkate. Mkubwa wao, Mzee Qais, akagusa simu mara moja.

"Mashallah!" akasema.

"Mashallah!" wenzake wakaitikia, midomo imejaa.

Jioni Saleha akamsimulia jirani yao, Shamsiya. Kazi yake ni kukagua programu.

"Wametaja kasoro gani?"

"Hawakutaja."

Shamsiya akacheka. "Mwenzangu, umeita wakaguzi au wageni? Nani atamkosoa mwenyeji huku anatafuna mkate wake? Na mkubwa akishasifu, nani atampinga?"

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Waandae kwanza. Waeleze mtumiaji ni nani: mama yako, vidole vina unga, miwani kaisahau. Wape simu kama yake. Wape kazi zilezile: kupokea oda, kuibadilisha. Wape vigezo vilevile vya kupimia. Kila mtu akague peke yake, aandike kasoro na uzito wake. Kisha ndipo wakutane. Na wewe usimwoneshe mtu pa kubonyeza!"

"Na kahawa?" Bi Khadija akauliza kutoka jikoni.

"Baada ya kazi, mama!"

Wakaguzi wakarudi. Mmoja akakaa barazani, mmoja sebuleni, Mzee Qais uani na kuku. Walipokutana, wote watatu walikuwa wameandika jambo moja: kitufe cha Futa kimebanana na cha Pokea, na simu haiulizi kitu kabla ya kufuta. Mmoja tu aliona kwamba herufi ni ndogo mno.

Saleha akarekebisha yote. Kisha akampa mama yake ajaribu, mikono ikiwa na unga vilevile.

Ikaingia oda ya harusi ya Samiha, binti wa mtaani. Bi Khadija akabonyeza vibaya. Waokaji wenzake waliokuja kutazama wakawa roho juu.

Simu ikauliza: "Unataka kufuta oda hii?"

"Labda nife kwanza!" akajibu kwa sauti, akabonyeza Hapana.

Wote wakashusha pumzi. Ijumaa masinia ya mkate yakaenda harusini. Bi Khadija akaenda nayo, akala mpaka akaomba mto ajilaze.