Mkaratusi na Siku ya Ukungu

Kabla ya kwenda shule, Anyitike alimfungulia mama yake ndama, akachota maji mtoni, kisha akaanza kutafuta swali. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Ilikuwa mwaka 1956, katika kijiji cha Ipande, chini ya Mlima Rungwe. Shule ya Ipande ilikuwa chumba kimoja cha udongo na nyasi kando ya kanisa, na mwalimu wake alikuwa mmoja tu, Mwalimu Juliana. Kila asubuhi wanafunzi walikaa kwa duara, na kila mmoja alitakiwa kuja na swali lake. Lingeweza kuwa swali lolote, mradi awe anataka kweli kujua jibu lake. Kwa nini ndizi za bondeni huiva mapema? Kwa nini wingu hupenda kukaa juu ya Rungwe? Somo la siku hiyo lilianzia hapo, iwe ni hesabu, kusoma au kilimo.

Kuna maswali ambayo Mwalimu Juliana aliyajibu kwa maneno haya: "Hilo mimi sijui. Tulitafute pamoja."

Siku ya kwanza Anyitike aliposikia mwalimu akisema hajui, aligeuka kutazama nani anakuja kumchapa. Msimcheke. Katika shule aliyotoka, kule njia panda, mtoto aliyesitasita alichapwa kiganjani. Anyitike alikuwa amejifunza kupaza sauti na kutoa jibu lolote, huku amekaza uso kama mtu mwenye hakika. Hata hivyo alichapwa sana, akaichukia shule, akawa anajificha kwenye migomba hadi jioni. Mwishowe baba yake, Gideoni, alimleta Ipande kwa shingo upande. "Huko ni kucheza tu," alisema, "lakini afadhali acheze mahali ninapomwona."

Juma la kisa hiki, Anyitike alikuwa ameuliza swali zuri. Walikuwa wamejifunza kupima urefu wa mti kwa kivuli chake. Akauliza, "Mwalimu, na siku ya ukungu je? Kivuli hakuna." Mwalimu Juliana akasema hajui. Walihangaika siku kadhaa na vijiti na kamba, mpaka Tupokigwe, msichana aliyekaa karibu na Anyitike, alipokata kipande cha mraba cha gamba la mgomba na kukikunja kona kwa kona, kikawa pembetatu yenye pande mbili sawa. Walijaribu nacho kwenye nguzo ya kanisa, na Mwalimu Juliana alifurahi kuliko wao.

Basi ikafika siku ya wazee wa shule kuja kukagua. Kijijini ilijulikana kwamba wazee wengine hawakuupenda mtindo wa shule hii. Kama wasingeridhika, shule ingefungwa, na watoto wangerudishwa njia panda. Usiku ule Anyitike hakupata usingizi vizuri.

Asubuhi kulitokea jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Mzee aliyekuwa akiwaongoza wakaguzi alikuwa amehamia Tukuyu, na wenzake wakamchagua Mzee Asukile haraka haraka baada ya ibada. Walisahau kwamba Mzee Asukile ni baba wa Isakwisa, yule mume wa Mwalimu Juliana aliyekwenda kufanya kazi migodini. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hakai mbele ya baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, na wakikutana njiani yeye huingia porini hadi mzee apite. Wakristo wengine walikuwa wameanza kuilegeza mila hiyo, lakini si Mzee Asukile.

Tupokigwe ndiye aliyewaona wa kwanza. "Mwalimu, baba mkwe wako anakuja."

Mwalimu Juliana alivuta kanga kichwani. "Wanangu, mimi siwezi kubaki. Wapokeeni wageni. Fanyeni kama tunavyofanya kila siku." Akatoka kwa mlango wa nyuma, akajibanza kwenye migomba nyuma ya ukuta.

Wazee waliingia, na Gideoni alikuwa miongoni mwao. Waliona duara la watoto na kiti kitupu.

"Mwalimu yuko wapi?" aliuliza Mzee Asukile, kisha akakumbuka mwenyewe. Akakohoa na kutazama paa. Wazee wenzake walitazama miguu yao.

"Karibuni, babu," alisema Tupokigwe. "Sisi huanza kwa swali. Leo swali litoke kwa wageni."

Mzee Asukile alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu wa kukataa alichokaribishwa. Alielekeza fimbo mlangoni, kwenye mkaratusi mrefu uliosimama uwanjani, umekauka nusu. "Leo watu wa msumeno wanaukata ule. Wanataka uangukie upande huu, kwa sababu upande wa pili ni kahawa ya Gideoni. Wanasema hautafika hapa. Wewe kijana, mtoto wa Gideoni. Utafika au hautafika?"

Anyitike aliuhisi uso wake ukianza kukazika kama zamani. Neno lilikuwa tayari mdomoni: hautafika. Angelitamka kwa sauti, wazee wangetikisa vichwa kukubali, baba yake angefurahi, na yeye angekaa chini salama. Akatazama kile kiti kitupu. Alijua kwamba nyuma ya ukuta kuna mtu anayesikiliza.

"Sijui, babu," alisema.

Mzee mmoja alicheka. Gideoni alifunika macho kwa mkono. "Mwaka mzima unasoma," alisema Mzee Asukile polepole, "na jibu lako ni sijui?"

"Sijui sasa hivi. Mkituruhusu, tutajua kabla msumeno haujafika."

Mzee akainua mabega. "Haya. Twende tuone."

Nje ukungu ulikuwa umefunika jua, kivuli hakikuwapo hata cha mtu. Tupokigwe alikata gamba la mgomba na kulikunja. Wengine walikimbia kufungua kamba za ndama na kuziunganisha. Anyitike alilishika gamba mbele ya jicho, upande mmoja ukiwa sawa na ardhi, akatazama juu kwa kufuata mkunjo. Alirudi nyuma kuelekea barabarani, hatua kwa hatua, mpaka kilele cha mkaratusi kikakaa mwisho wa mkunjo.

"Hapa," alisema. "Kama pande mbili za gamba zilivyo sawa, kutoka hapa mpaka shinani ndio urefu wake."

Wakapiga kigingi pale. Wakanyoosha kamba kutoka kigingini hadi shinani, kisha wakaishika shinani na kuuvuta mwisho wake upande wa shule. Kamba ilifika ukutani. Ikaingia mlangoni, ikapita kati ya watoto wadogo waliobaki wamekaa, ikafika kwenye kiti cha mwalimu.

Hakuna aliyecheka. Gideoni aliitazama kamba, kisha akamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Inatosha," alisema Mzee Asukile. "Mti hautaangushwa upande huu. Waambieni uangukie barabarani, na watu wazuiwe kupita."

Mchana msumeno ulifanya kazi yake. Mkaratusi ulilia, ukainama, ukaanguka barabarani kwa kishindo kilichowatawanya kuku wa kijiji kizima. Watoto walikimbia kuangalia. Kilele kilikuwa kimepita kigingi kwa nafasi kidogo.

"Mmekosea," alisema Mzee Asukile, lakini sauti yake haikuwa na ukali.

Anyitike alipima kwa macho nafasi iliyozidi. Halafu, bila kuambiwa, alilala chini barabarani, nyayo kigingini. Kilele cha mti kilimgusa nywele. Tupokigwe akashika tumbo kwa kicheko.

"Nilisahau kujiongeza mwenyewe," alisema Anyitike akiwa bado amelala. "Jicho langu haliko chini ardhini, liko juu."

Mzee Asukile naye alicheka, meno yake machache yakaonekana. Alimwinua Anyitike kwa mkono wake mwenyewe, wakarudi pamoja hadi kando ya ukuta wa shule. Hapo mzee alisimama, akaipa migomba mgongo, akaanza kusema na Anyitike kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

"Kijana, mwambie mwalimu wako hivi. Nimeona watoto wanaojua majibu ya mwalimu wao. Leo nimeona watoto wanaojua kutafuta, hata mwalimu asipokuwepo. Mtoto asiyeogopa kusema sijui hatadanganya, na akifanya kazi kwa bidii atajua. Shule haifungwi. Mwambie asante sana, ndaga fijo."

Anyitike alizunguka ukuta. Mwalimu Juliana alikuwa amesimama kwenye migomba, kanga kichwani, macho yamejaa machozi. Kila neno alikuwa amelisikia, lakini alingoja aletewe, kama inavyotakiwa. Anyitike akamweleza yote kwa utaratibu.

"Mwambie mzee," alisema mwalimu, "ndaga fijo. Mwambie, nashukuru kwamba aliwasubiri watoto watafute."

Anyitike aligeuka kwenda, kisha akasimama. Alikuwa na ujumbe mwingine, na huo haukutumwa na mtu.

"Mwalimu," alisema, "ndaga fijo. Hii ni yangu mwenyewe."

Ndipo akakimbia kumpelekea mzee jibu lake. Gideoni alikuwa akimngoja hapo, ameshika kipande cha gamba la mgomba, anakigeuza huku na huku.

"Mwanangu," alisema, "hiki kinakunjwaje?"